Mcheza Kwao Hutunzwa. Je, Goti Likivunjika?

Ndugu msomaji, tufanye kwamba unaye kijana mwenye kipaji cha mpira. Tangu utoto miguu yake ilikuwa myepesi. Miaka mitatu sasa anaichezea shule yake pasipo mshahara, na shule imepata sifa nyingi kwa ajili yake. Umebaki mchezo mmoja tu, nao ni wa sherehe. Hakuna ubingwa ndani yake. Lakini miezi minne baadaye klabu kubwa iko tayari kumwajiri kwa fedha ambazo zingejenga nyumba ya ukoo mzima. Klabu hiyo yamtaka akiwa mzima, mwenye magoti mawili. Basi jioni moja kijana anakuja barazani, anakaa karibu nawe, na kusema: "Baba, nicheze au nisicheze?"

Utamjibu nini?

Usidhani ni swali la kubuni. Huko Marekani, kila mwaka mwezi wa Desemba, wazazi wengi huulizwa swali hili hili na watoto wao. Wengine hujibu, "Cheza, mwanangu, usiwaache wenzako." Wengine hujibu, "Kaa, mwanangu, mwili wako ndio shamba lako." Na nchi nzima hubishana juu yao. Leo twataka kuwaeleza habari hiyo tangu mwanzo, kwa maana ndani yake mna mafundisho hata kwetu sisi ambao hatujauona mchezo huo kwa macho.

MCHEZO WENYEWE

Kwanza tuelewane. Mpira tunaousema hapa si ule wetu wa miguu. Wamarekani wanao mchezo wao, nao huuita futiboli, ingawa mguu hauna kazi nyingi humo. Mpira wenyewe umechongoka pande zote mbili. Huchukuliwa mkononi, hurushwa, hukimbizwa. Kila upande una wachezaji 11. Mwenye mpira kazi yake ni kusonga mbele, na kazi ya wapinzani ni kumwangusha chini kwa uzito wote wa miili yao. Ndiyo sababu huvaa kofia ngumu na kujikinga mabega. Hata hivyo magoti huteguka, mifupa huvunjika, na vichwa hutikiswa vibaya.

Jambo la pili ni vyuo vikuu. Katika nchi nyingi kijana mwenye kipaji huingia klabu moja kwa moja. Marekani sivyo. Ligi ya kulipwa ina kanuni kwamba kijana asichukuliwe mpaka ipite miaka 3 tangu kumaliza shule ya sekondari. Kwa hiyo huenda chuo kikuu, akapewa masomo, chakula na malazi bure, naye akakichezea chuo. Usifikiri ni michezo midogo. Viko vyuo ambavyo uwanja wao hupokea watu zaidi ya laki moja kwa siku moja.

Kisha, kila Aprili, klabu 32 za ligi ya kulipwa huchagua vijana zamu kwa zamu, katika mizunguko 7. Anayechaguliwa mwanzoni hupata fedha nyingi mno. Anayechaguliwa nyuma hupata sehemu ndogo tu ya hizo. Kuteremka nafasi 30 katika orodha ni sawa na mtu kuuza ng'ombe kumi kwa bei ya wawili au watatu. Na kitu kinachomteremsha kijana upesi kuliko vyote ni goti bovu.

MABAKULI

Msimu wa vyuo ukiisha, timu zilizofanya vizuri hualikwa kucheza mchezo mmoja wa mwisho, mbali na kwao, wakati wa Noeli na Mwaka Mpya. Michezo hiyo huitwa Mabakuli. Wa kwanza ulichezwa tarehe 1 Januari 1902 katika mji wa Pasadena, California, kama nyongeza ya sherehe ya maua ya mji ule. Chuo cha Michigan kiliwafunga Stanford 49 kwa 0, na Stanford waliomba mchezo ukome kabla ya muda kwisha. Waandaaji waliona aibu. Hata ukapita muda mrefu kabla ya kuurudia, mwaka 1916. Mwaka 1922 ulifunguliwa uwanja mkubwa, ukaitwa Rose Bowl, yaani Bakuli la Waridi. Miji mingine ikaiga. Siku hizi Mabakuli yako karibu 40 kila msimu.

Kwa miaka mingi mchezo wa Bakuli ulikuwa heshima ya mwisho kwa kijana. Wazazi walisafiri, bendi ilipiga, na wanafunzi waliokuwa wakimaliza walivaa jezi ya chuo kwa mara ya mwisho. Kukataa kucheza kulikuwa jambo lisilowazika. Basi, ni nini kilichobadilisha?

GOTI LA JAYLON SMITH

Yuko kijana aitwaye Jaylon Smith, mzaliwa wa Fort Wayne katika jimbo la Indiana. Alisoma sekondari ya Kikatoliki ya Bishop Luers, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Notre Dame. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, shirika lile lile ambalo mapadre wake wamekuwa wakifanya kazi Uganda tangu 1958. Smith alikuwa mlinzi mwenye mbio za ajabu. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake katika vyuo vyote vya nchi. Wajuzi walisema kwamba Aprili ikifika atakuwa miongoni mwa watano wa kwanza kuchaguliwa.

Tarehe 1 Januari 2016 Notre Dame walicheza na Ohio State katika Fiesta Bowl, huko Arizona. Ubingwa haukuwamo. Katika robo ya kwanza tu, Smith alisukumwa na mchezaji mkubwa wa upande wa pili huku mguu wake wa kushoto umekita chini. Goti likageuka. Kano mbili zilikatika, na lililo baya zaidi, mshipa wa fahamu uliumia, hata ikawa hawezi kuunyanyua wayo wake. Kijana aliyekuwa akikimbia kama paa, sasa alifungiwa kifaa mguuni ili aweze kutembea.

Sasa angalia hesabu, ndugu msomaji. Katika uwanja ule ule, siku ile ile, upande wa Ohio State alikuwapo kijana aitwaye Ezekiel Elliott. Yeye alipata mabao manne, akatoka mzima. Aprili ilipofika, klabu ya Dallas ilimchagua Elliott akiwa wa 4, ikamwandikia mkataba wa karibu dola milioni 25. Klabu hiyo hiyo ilimchagua na Smith, lakini akiwa wa 34, kwa mkataba wa dola milioni 6 na nusu hivi. Hawa wawili siku moja kabla ya mchezo walikuwa sawa machoni pa wanunuzi. Smith alikuwa amekata bima, nayo ilimlipa karibu dola laki 9. Lakini ni wazi kwamba fidia hiyo haikufikia hata robo ya alichopoteza.

Smith hakucheza hata mchezo mmoja msimu wa 2016. Alirudi 2017, na kwa juhudi kubwa akapata mkataba mpya mnono mwaka 2019. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tena, alipoulizwa juu ya siku ile, alisema kwamba kama angerudishwa nyuma angecheza tena. Neno hilo tulishike, tutalirudia baadaye.

WAWILI WALIOSEMA HAPANA

Mwaka ule ule wa 2016, mwezi wa Desemba, vijana wawili mashuhuri walitangaza, wakifuatana kwa siku chache tu, kwamba hawatacheza Mabakuli yao.

Wa kwanza ni Leonard Fournette wa chuo cha LSU, Louisiana. Huyu alizaliwa New Orleans, katika mtaa wa watu wenye maisha magumu. Alipokuwa na miaka 10, mwaka 2005, kimbunga Katrina kilizamisha mji wake, na jamaa yake walikuwa miongoni mwa wale waliokwama juu ya daraja. Baadaye alisoma katika sekondari ya Mtakatifu Augustino, shule ya Kikatoliki inayojulikana kwa kuwalea wavulana weusi wa mji huo. Msimu ule kifundo cha mguu wake kilikuwa kimemsumbua sana.

Wa pili ni Christian McCaffrey wa Stanford. Huyu hakulelewa katika shida. Baba yake, Ed McCaffrey, alicheza ligi ya kulipwa na kushinda ubingwa wake mara tatu. Kwa hiyo mmoja alitoka nyumba isiyo na kitu, na mwingine nyumba yenye neema, lakini wote wawili walifika kwenye jibu moja. Maskini aliogopa kuipoteza nafasi ya kuiokoa jamaa yake. Mwana wa mchezaji alijua kutoka kwa baba yake jinsi kazi ile ilivyo fupi na jinsi mwili unavyolipa.

Kelele zilikuwa nyingi. Wazee wa mchezo walisema kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo. Elliott mwenyewe, yule aliyetoka mzima, alisema hadharani kwamba angetoa chochote ili acheze mara moja zaidi na wenzake wa chuo. Wengine walitabiri kwamba klabu zitawakataa wale wawili kwa kuwa wamewaacha wenzao.

Utabiri huo haukutimia. Stanford walishinda Bakuli lao pasipo McCaffrey, na LSU wakashinda lao pasipo Fournette. Aprili 2017 Fournette alichaguliwa wa 4, akapata karibu dola milioni 27. McCaffrey alichaguliwa wa 8, akapata karibu milioni 17.

Na tazama jambo hili. Siku ile ile ambayo McCaffrey alikaa nje, yaani tarehe 30 Desemba 2016, katika mji mwingine Jake Butt wa Michigan aliingia uwanjani kuchezea Orange Bowl. Huyu naye alikuwa na tuzo ya mchezaji bora wa nafasi yake. Kano ya goti lake ikakatika. Aprili aliteremka mpaka mzunguko wa 5, na msimu wake wa kwanza wa kulipwa ukapita bila kucheza. Mwaka 2021 aliacha mpira kabisa. Wazazi wengi wenye wana wachezaji walizisoma habari hizo mbili, moja kando ya nyingine. Tangu hapo kukataa Bakuli si ajabu tena.

WATU WAZIMA NAO?

Yafaa tuwe waadilifu. Tukimlaumu kijana kwamba ameangalia faida yake, hapana budi tuulize na wakubwa wameangalia nini.

Katika michezo hii kuna fedha nyingi mno za matangazo ya televisheni na za viingilio. Makocha wa vyuo vikubwa hulipwa mamilioni ya dola kila mwaka. Lakini mpaka Juni 2021 mchezaji alikatazwa kupata hata senti moja kwa jina lake mwenyewe. Aliyeuza saini yake aliadhibiwa. Mkono mtupu haulambwi, wasema wahenga. Lakini mkono wa kijana ulitakiwa ufanye kazi ukiwa mtupu.

Tena makocha wenyewe huondoka. Mwisho wa Novemba 2021 kocha wa Notre Dame, Brian Kelly, aliiacha timu yake kabla ya Bakuli lake, akaenda LSU kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya karibu dola milioni 95. Vijana walicheza Fiesta Bowl pasipo yeye. Hakuna kanuni iliyomzuia. Basi mtoto akimwona mzee anakula kabla ya wageni, utamfunzaje adabu ya mezani?

Liko na jambo jingine ambalo wengi wamelisahau. Chuo hicho hicho cha Notre Dame kiliwahi kuyakataa Mabakuli kwa karibu nusu karne. Baada ya kushinda Rose Bowl ya tarehe 1 Januari 1925, wakuu wake waliona kwamba mchezo wa nyongeza unawaondoa wanafunzi katika masomo. Wakasema basi. Hawakucheza Bakuli tena mpaka tarehe 1 Januari 1970, na waliporudi walikusudia fedha zile zisaidie masomo ya wanafunzi wa makabila yaliyobaguliwa. Katika miaka ile hakuna aliyewaita wasaliti. Na Desemba 2025, walipoachwa nje ya michuano ya ubingwa, timu nzima ya Notre Dame ilikataa kwenda kwenye Bakuli lolote. Kumbe chuo chaweza kukaa nyumbani kwa sababu zake. Mbona kijana mmoja asiweze kwa sababu zake?

WANAOBAKI

Hata hivyo tusimalize shauri upesi. Upo upande wa pili, nao ni wa wale wanaobaki.

Timu haichezwi na wale wawili watatu watakaotajirika. Wengi wa wachezaji hawatachaguliwa na klabu yo yote. Kwao Bakuli ndilo mwisho kabisa. Baada ya hapo watakuwa walimu, wakulima, makarani. Hao ndio waliomfungulia njia yule nyota, wakapigwa mabega yao ili yeye apite. Je, hawana haki ya kumwona siku ya mwisho?

Mwaka 2023 tuliona jambo lenyewe likifika mwisho wake. Timu ya Florida State ilishinda michezo yake yote 13, lakini ikaachwa nje ya timu nne zilizopewa nafasi ya kugombea ubingwa. Ikaalikwa Orange Bowl. Wachezaji zaidi ya 20 hawakucheza: wengine wakijitunza kwa ajili ya Aprili, wengine wakihamia vyuo vingine, wengine wakiwa wagonjwa. Waliobaki waliingia uwanjani wakapigwa na Georgia 63 kwa 3. Katika historia yote ya Mabakuli, timu haijawahi kushindwa kwa tofauti kubwa kama hiyo. Vijana walioingia siku ile hawakuwa na kosa lo lote. Walibeba aibu ya nyumba ambayo wengine walikwisha ihama.

Lakini mara nyingine nafasi iliyoachwa huwa baraka kwa mdogo. Tarehe 1 Januari 2022 wachezaji wawili hodari wa Ohio State, Chris Olave na Garrett Wilson, walikaa nje ya Rose Bowl. Wenzao walikuwa nyuma, lakini kijana Jaxon Smith-Njigba akaushika mpira kwa jumla ya yadi 347, na mwenzake Marvin Harrison, aliyekuwa bado mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akapata mabao matatu. Ohio State wakashinda 48 kwa 45. Kama wakubwa wangecheza, huenda hatungeyajua majina yao mapema hivyo.

MAMBO YAMEBADILIKA

Siku hizi sheria si zile za zamani. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo aweza kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Tangu tarehe 1 Julai 2025 vyuo vyenyewe vyaweza kuwagawia wachezaji fedha, mpaka kiasi cha dola milioni 20 na nusu kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Na tangu msimu wa 2024 timu zinazogombea ubingwa ni 12 badala ya 4.

Hapo ndipo twaona ukweli mmoja. Vijana wanaokataa Mabakuli ya sherehe, ukiwapa mchezo wa ubingwa, kwa kawaida huingia uwanjani. Kwa hiyo si kweli kwamba hawapendi mchezo wala wenzao. Wanapima. Hatari ni ile ile, lakini sababu ya kuikabili si ile ile. Hata mvuvi mwenye moyo huingia baharini siku ya upepo kumwokoa mwenziwe, lakini haingii kwa ajili ya mashindano ya mashua.

UTAMJIBU NINI?

Basi turudi barazani, ndugu msomaji, kijana wako bado anangoja.

Sisi hatuthubutu kusema kwamba anayecheza ndiye mwema na anayekaa ndiye mbaya, wala kinyume chake. Jaylon Smith alipoteza mamilioni, naye alisema angecheza tena. Hakuna mwenye haki ya kumwita mjinga, kwa sababu alichokitoa kilikuwa chake. Leonard Fournette alikaa. Hakuna mwenye haki ya kumwita mwoga, kwa sababu alijua maana ya kulala juu ya daraja. Lililo baya ni sisi tulioketi na kikombe cha chai kumdai kijana atoe goti lake ili tupate burudani ya alasiri moja.

Lakini yako mambo ambayo mzazi aweza kumwuliza mwanawe kabla hajaamua. Je, umeahidi? Kama ulitoa neno lako kwa wenzako, neno ni deni. Je, umewaambia mapema, tena uso kwa uso, ili mwingine apate muda wa kujitayarisha? Anayetoroka usiku amewadhulumu. Anayeaga mchana hakuwadhulumu. Je, siku ya mchezo utakuwa wapi? Wako waliokaa nje ya mchezo lakini wakasafiri na timu, wakasimama kando ya uwanja, wakawapa maji wenzao na kuwafundisha wadogo. Na mwisho: je, unaogopa kwa ajili ya nani? Kama ni kwa ajili ya mama yako na wadogo zako, hofu hiyo si aibu. Kama ni kwa ajili ya kununua gari la kuwaonyesha majirani, fikiri tena.

Maswali haya si ya wachezaji wa Marekani peke yao. Binti aliyepata nafasi ya chuo wakati wa mavuno anayajua. Fundi aliyepata kazi mjini wakati nyumba ya jirani haijaezekwa anayajua. Mara nyingi katika maisha yetu huja siku ambapo wenzetu wanatuita upande mmoja, na kesho yetu inatuita upande mwingine, na pande zote mbili zina haki juu yetu.

Mcheza kwao hutunzwa, na ni kweli. Lakini wanaomtunza wakumbuke kumtunza hata siku ile asiyoweza kucheza. Kijana akilijua hilo, akiwa na hakika kwamba goti likivunjika hatatupwa, nadhani wengi zaidi wangeingia uwanjani kwa furaha. Na yule atakayekaa nje, angekaa pasipo kuona haya.

Mwambie hivyo mwanao. Kisha mwache aamue mwenyewe, maana goti ni lake.